Taya Linapolia: Historia ya Maumivu Yaliyochelewa Kuaminiwa

Ukikaa na wazee wa Kiluo wa rika la babu zetu, wakicheka utaona pengo. Meno sita ya mbele, ya chini, hayapo. Kwa Wamaasai ni mawili ya katikati. Hayakuoza, wala hayakuvunjwa na ngumi za baa. Yaling'olewa mtu akiwa mzima kabisa, kwa mila. Ukiuliza sababu, mmoja atakwambia ilikuwa alama ya jamii, mwingine atasema ilikuwa kuingia utu uzima. Lakini kuna jibu moja ambalo limerudiwa na jamii nyingi za upande huu wa Afrika: ilikuwa ili mtu akifungwa taya, apate mahali pa kupitishia uji.

Ugonjwa wenyewe ni pepopunda. Kabla ya chanjo, kidonda kidogo cha mguuni kilitosha. Siku chache baadaye taya linakaza kama mlango ulioshika kutu, na familia haina dawa. Ina uji na ina lile pengo.

Pepopunda ni ugonjwa wa bakteria, na si ndio stori ya leo. Stori ya leo ni ya lile taya linalolia "ka!" ukipiga miayo, linaloumana asubuhi, linalokwama katikati ya mahindi choma. Ila nimeanza na pengo kwa sababu ya biashara iliyomo ndani yake: toa meno mazima leo ili uokoe taya kesho. Wazee wetu walikuwa na sababu nzuri ya kuikubali. Katika karne ya 20, madaktari wenye vyeti na mashine waliwauzia wagonjwa biashara ya aina hiyo hiyo, na mara nyingi sababu zao zilikuwa hafifu kuliko za wazee.

Kwanza tuelewe kitu kinachozungumziwa. Weka vidole viwili mbele ya masikio, kisha ufungue mdomo polepole. Kile kinachosogea chini ya ngozi ni kichwa cha mfupa wa taya la chini. Mwanzoni kinazunguka kama bawaba ya mlango. Ukizidi kufungua, kinateleza kwenda mbele. Kati yake na fuvu kuna kisahani cha gegedu, laini kiasi, kinachosafiri pamoja nacho. Na kwa sababu taya la chini ni mfupa mmoja wenye viungo viwili, kulia na kushoto, upande mmoja haufanyi kazi bila mwingine kuhusika. Juu ya hayo yote kuna misuli yenye nguvu ya kuponda mfupa wa kuku. Mtu mzima huweza kufungua mdomo milimita 40 hadi 50, karibu vidole vyake vitatu vikipangwa wima.

Kitu chochote hapo kinaweza kuleta shida: misuli kuchoka na kuuma, kisahani kuteleza mahali pasipofaa, kiungo chenyewe kuvimba au kulika. Ndiyo maana wataalamu wa leo hawasemi ni ugonjwa mmoja. Ni kundi la magonjwa zaidi ya 30 yanayoishi nyumba moja, na dalili zake zinatembea: sikio linavuma, kichwa kinagonga, shingo inakaza. Mgonjwa anaenda kwa daktari wa masikio, anaambiwa masikio yako sawa. Anaenda kwa daktari wa meno, anaambiwa meno yako sawa. Akirudi nyumbani anaanza kujiuliza kama yeye mwenyewe yuko sawa.

Binadamu alijua kurudisha taya lililoteguka mapema sana. Kuna hati ya mafunjo kutoka Misri ya kale, iliyoandikwa karibu miaka 1600 kabla ya Kristo, ambayo Mmarekani Edwin Smith aliinunua Luxor mwaka 1862. Ndani yake kuna visa 48 vya majeraha, vimepangwa kuanzia kichwani kushuka chini. Kisa cha 25 ni cha mtu aliyeachama akashindwa kufunga mdomo. Mganga anaelekezwa aingize vidole gumba mdomoni, aviweke kwenye ncha za nyuma za taya, ashike kidevu kwa vidole vingine, halafu alirudishe taya nyuma mahali pake. Ukiteguka taya leo usiku ukakimbizwa hospitali yoyote Nairobi, daktari atafanya karibu hivyo hivyo. Miaka zaidi ya 3,500, na mbinu ni ile ile.

Taya lililoteguka ni rahisi kwa njia moja: kila mtu analiona. Shida ilianza pale madaktari walipotaka kueleza maumivu yasiyoonekana.

Mwaka 1822 daktari mpasuaji wa London, Astley Cooper, alichapisha kitabu kikubwa kuhusu kuteguka kwa viungo, na humo akaeleza taya ambalo halijateguka kabisa ila linateleza kidogo na kutoa mlio. Mwaka 1887 Thomas Annandale wa Edinburgh akaenda mbali zaidi: alipasua, akakirudisha kisahani kilichohama, akakishona. Hayo yalikuwa majaribio ya watu wachache. Aliyeifanya taya kuwa suala la kila daktari wa meno hakuwa hata daktari wa meno.

Aliitwa James Costen, daktari wa masikio, pua na koo katika mji wa St. Louis, Marekani. Mwaka 1934 aliandika makala iliyotokana na wagonjwa 11. Masikio yao yaliziba, yalivuma, vichwa viliwauma, wengine walipata kizunguzungu. Costen aligundua kwamba wengi walikuwa wamepoteza magego. Akafikiria hivi: magego yakitoka, taya linapanda juu kupita kiasi mtu anapofunga mdomo, kile kichwa cha mfupa kinarudi nyuma na kukandamiza neva na mrija wa sikio. Tiba? Inua meno. Weka kitu kati ya magego ya juu na ya chini ili taya lishuke.

Wagonjwa 11 tu. Lakini nadharia ilikuwa nzuri, ilieleweka haraka, na zaidi ya yote ilitibika kwa vifaa vilivyokuwa tayari kwenye kliniki ya meno. Maumivu hayo yakaitwa kwa jina lake. Huko California tangu mwaka 1926 kulikuwa na chama cha madaktari wa meno walioamini kwamba kila mdomo una mkao mmoja sahihi wa kuuma, unaoweza kupimwa kwa mashine. Mawazo haya mawili yakaoana vizuri. Kama taya linauma, basi meno hayakutani sawasawa. Kama hayakutani sawasawa, yasage hadi yakutane. Kusagia kidogo hakutoshi? Vika kila jino kofia mpya, mdomo mzima.

Waswahili walishasema kila ndege huruka kwa ubawa wake. Daktari wa meno ana ubawa wa meno, basi akaruka nao.

Mwaka 1948 mtaalamu wa anatomia Harry Sicher, aliyetoka Vienna na kufundisha Chicago, alipitia maelezo ya Costen mfupa kwa mfupa, neva kwa neva. Akaonyesha kwamba huo ukandamizaji, kwa jinsi fuvu lilivyoumbwa, hauwezi kutokea kama ilivyodaiwa. Dalili za wagonjwa zilikuwa za kweli, ila maelezo yake hayakuwa. Na bado kliniki ziliendelea kusaga meno kwa miongo kadhaa. Nadharia ikiwa inalipa bili, kuikanusha peke yake hakutoshi.

Miaka ya 1950, katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, Laszlo Schwartz aliwaangalia wagonjwa upya, akaona kwamba wengi wao walikuwa na tatizo la misuli kuliko la meno. Mwaka 1969 Daniel Laskin wa Chicago akalisukuma wazo hilo mbele: msongo wa mawazo unamfanya mtu akaze taya na kusaga meno, misuli inachoka, inauma, na maumivu yanaongeza msongo.

Halafu yeye na wenzake wakafanya jaribio ambalo kila mtu anayelipia matibabu anafaa kulijua. Mwaka 1976 walichapisha matokeo ya wagonjwa 25 waliofanyiwa usagaji wa kuigiza. Mashine ililia, daktari aliinama mdomoni, lakini mkao wa meno haukubadilishwa. Wagonjwa 16 kati ya 25 walisema maumivu yameisha au karibu yameisha.

Hapa ni rahisi kukosea. Matokeo yale hayamaanishi kwamba wagonjwa walidanganya. Maumivu ya aina hii hupanda na kushuka yenyewe, na mtu akisikilizwa, akahudumiwa kwa makini, mwili mara nyingi hutulia. Kilichoanguka katika jaribio lile ni hoja ya daktari aliyesema, "Nilisaga meno akapona, kwa hiyo meno ndiyo yalikuwa shida." Enameli ikishasagwa hairudi. Kama mtu angepona bila kuguswa, kwa nini uichukue?

Ila ukweli huo ulikuwa na kivuli chake. Wengi wanaofika kliniki na maumivu haya ni wanawake, hasa kuanzia ujana hadi umri wa makamo. Ukichanganya hilo na neno "msongo", ni hatua fupi tu hadi kwenye ile sentensi ambayo wanawake wengi wanaijua vizuri: ni mawazo yako tu, mama. Laskin alizungumzia misuli halisi inayouma. Mgonjwa aliyetoka kliniki alisikia kwamba anajitakia. Basi mwanamke akawa na milango miwili: kwa mmoja anasagwa meno, kwa mwingine haaminiwi. Usishangae kwamba wengi walipofunguliwa mlango wa tatu walikimbilia humo.

Mlango wa tatu ulikuwa upasuaji. Kuanzia miaka ya 1970 madaktari waliweza kupiga picha za eksirei baada ya kudunga dawa ya rangi ndani ya kiungo, na kile kisahani kikaonekana kimehama. Huko Japani, Masatoshi Ohnishi aliingiza kamera nyembamba ndani ya kiungo cha taya, akaripoti mwaka 1975. Hatimaye kulikuwa na kitu cha kuonyesha! Kwa mtu aliyeambiwa miaka mingi kwamba anajisumbua, picha yenye kisahani kilichokaa vibaya ilikuwa kama hukumu ya mahakama inayomsafishia jina. Kumbe, kama ilivyokuja kuonekana baadaye, watu wengi wana visahani vilivyohama na hawaumwi popote.

Visahani vikaanza kutolewa. Na mahali pake paliwekwa nini? Mwaka 1983 kampuni ya Vitek ya Houston, Texas, iliruhusiwa na FDA, shirika la serikali linalosimamia dawa na vifaa vya matibabu Marekani, kuuza kipandikizi cha taya kilichotengenezwa kwa Teflon. Ndiyo, Teflon ile ile ya sufuria isiyoshika chakula. Hakikupitia majaribio marefu kwa binadamu. Kiliruhusiwa kwa hoja kwamba kinafanana vya kutosha na bidhaa iliyokuwa tayari sokoni.

Tatizo ni kwamba jibu lilikuwa limejulikana miaka 20 kabla. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Uingereza, daktari wa mifupa John Charnley alitumia Teflon kutengeneza nyonga bandia. Ilisagika. Vumbi lake likachokoza mwili, na mamia ya wagonjwa ikabidi wafanyiwe upasuaji tena. Charnley alijidunga vipande vya Teflon kwenye paja lake mwenyewe ili ahakikishe, akaandika matokeo mwaka 1963, akaachana nayo kabisa. Nyonga inabeba uzito wa mwili, taya linasaga chakula kila siku. Mtu angeuliza tu.

Teflon ikasagika katika mataya ya watu. Mwili, ukijaribu kupigana na vumbi lile, ulikula mfupa uliokuwa karibu. Kwa wengine kichwa cha mfupa wa taya kililika, mdomo ukashindwa kukutana mbele. Kwa baadhi, tundu lilifika hadi kwenye sakafu ya fuvu, chini ya ubongo. Wako waliofanyiwa upasuaji mara kumi na zaidi. Zaidi ya vipandikizi 20,000 vilikuwa vimeshasambazwa. Mwaka 1990 Vitek ilifilisika, na mwishoni mwa mwaka huo FDA ikatoa tahadhari kwa umma. Mwaka 1992 Bunge la Marekani lilifanya kikao kuhusu vipandikizi hivyo, na wagonjwa wakaenda kueleza yaliyowapata. Wengi wa wagonjwa hao walikuwa wanawake ambao wangeweza kuishi na mlio kidogo na siku mbaya za hapa na pale. Walitoa kisahani ili kuokoa taya, wakapoteza vyote viwili.

Kilichobadilisha mambo baada ya hapo hakikutoka maabara peke yake. Wagonjwa wenyewe walikuwa wameanza kujipanga: chama chao kilianzishwa mwaka 1986 mjini Milwaukee, kikapiga kelele hadi watafiti wa serikali wakasikia. Mwaka 1996 taasisi za afya za Marekani ziliitisha mkutano mkubwa kupima ushahidi wote. Hitimisho likawa la aibu kiasi: matibabu mengi hayakuwa na uthibitisho, kwa hiyo anza na yale yasiyo na madhara na yanayoweza kurudishwa nyuma. Utafiti mkubwa ulioanza mwaka 2006 ukafuatilia watu zaidi ya 3,000 wasio na tatizo la taya ili kuona nani ataanza kuumwa. Karibu 4 kati ya 100 walianza kila mwaka. Na kilichotabiri zaidi hakikuwa mpangilio wa meno. Ilikuwa usingizi mbovu, maumivu sehemu nyingine za mwili, na afya kwa jumla.

Mwishoni mwa 2023 jopo la kimataifa lilichapisha mwongozo katika jarida la BMJ kuhusu maumivu ya taya yaliyokaa muda mrefu. Lilipendekeza kwa nguvu vitu ambavyo havina mbwembwe: mazoezi ya taya chini ya usimamizi, kukandwa misuli na kunyooshwa kiungo na mtaalamu, na ushauri wa kisaikolojia wa kujifunza kuishi na maumivu na kuyapunguza. Likapinga kwa nguvu kutoa kisahani, na vifaa vya mdomoni vinavyobadilisha meno moja kwa moja. Hata kinga ya plastiki ya kulala nayo, ambayo inaweza kulinda meno yasisagike, kwa maumivu haya ya muda mrefu jopo liliegemea upande wa kutoitumia. Upasuaji haujafutwa, kuna viungo vilivyoharibika kweli na vinauhitaji. Ila umetolewa mwanzo wa foleni na kurudishwa mwisho.

Sasa turudi kwetu. Sisi ndio kizazi cha kukaa mbele ya skrini masaa kumi, kodi ikikaribia, meno yamebanana bila sisi kujua. Ni kizazi cha miraa na muguka za kukesha, cha Big G mdomoni kuanzia stejini hadi tauni. Na ni kizazi kinachoona matangazo ya kunyoosha meno na kudunga taya kila tukifungua simu. Taya likilia bila maumivu, mara nyingi halihitaji kitu. Likiuma, lipumzishe: chakula laini siku kadhaa, kitambaa cha maji ya moto, acha chingamu. Kumbuka pia kwamba meno ya juu na ya chini hayana kazi ya kugusana isipokuwa unapokula na kumeza. Midomo ifungwe, meno yaachane. Wengi hupata nafuu hivyo. Isipopungua, au mdomo ukikataa kufunguka, au ukiwa na uvimbe, homa au umeanguka, usikae nyumbani. Na kama una kidonda na taya linakaza, kimbia hospitali, kwa sababu pepopunda bado iko.

Ukiingia kwa daktari wa meno, hakikisha amesajiliwa na baraza la madaktari na madaktari wa meno, halafu umuulize swali moja kabla hajawasha mashine: "Daktari, hili tukilifanya na nisipone, linaweza kurudishwa nyuma?" Daktari mzuri hatakasirika. Atakueleza, pengine atakupa mazoezi na tarehe ya kurudi. Akikwambia usipoziba ufa utajenga ukuta, msikilize kwa heshima, lakini uombe maoni ya daktari wa pili. Methali hiyo ni ya kweli kwa nyumba. Kwa taya, historia ya miaka tisini inaonyesha kwamba wengi walioharakisha kuziba ufa ndio waliobomoa ukuta.

Na kama anayeumwa ni dada yako, au mwenzako wa kazini anayeshika shavu kila mchana, usimwambie ni mawazo. Yale mabaya yote niliyoyaeleza hapa yaliwezekana kwa sababu watu walikuwa tayari kumlipa yeyote atakayewaamini.